Safina Iliyotobolewa

Magharibi ya Chake Chake, ukiisha kutweka tanga pwani ya Wesha na kuiacha mikoko ya ghuba nyuma yako, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali, chenye msitu ulioota juu ya mawe ya matumbawe na fukwe nyeupe chache, ambacho kwa upande wa machweo bahari yake huanguka ghafula katika kilindi cha mamia ya mita, kilindi kilekile kinachoitenga Pemba na bara. Hakina mji wala shamba. Watu walalao humo ni wavuvi wa dago, wajao kwa kufuata maji na kuondoka kwa kufuata maji, wenye kulala chini ya makuti na kula walichokivua, na ambao kwao bahari si mandhari ya kutazamwa hata kidogo. Ni ghala ya chakula ambayo ufunguo wake hupotea siku nyingi kuliko unavyopatikana.

Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara, jina ambalo kwa sikio langu si jingine ila la Khidhri, alifika kisiwani hapo akawaomba wavuvi msala apate kusali, nao wakamjibu kwamba hawana. Akakitazama kisiwa, akaona jinsi kilivyonyooka kuelekea kibla, akasema kuwa basi kisiwa chenyewe ndicho kitakachokuwa msala wake. Tangu hapo, husema wazee, kikaitwa Misali. Mwanazuoni wa lugha atakayetaka kulifasiri jina hilo kwa njia nyingine sitashindana naye, kwa kuwa uzito wa hadithi hii hautegemei asili ya neno. Unategemea watu walioipokea, ambao kila waonapo mti wa Misali umekatwa au mwamba wake umevunjwa kwa baruti huweza kusema, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba mahali pa kuswalia pametiwa najisi.

Watu hao ndio walionipa sababu ya kuandika. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa na shauri la kukikodisha kisiwa kwa mwenye mtaji aliyekusudia kujenga hoteli ya watalii, na wavuvi wakasimama wakalipinga, hata likaanguka. Mwaka 1998 serikali ya Zanzibar ilitangaza hifadhi ya kisiwa na maji yaliyokizunguka, eneo la kilomita za mraba 22 kwa jumla, ambamo uvuvi wa halali uliachwa uendelee, isipokuwa katika kipande kimoja cha kilomita za mraba 1.4 ambamo haliteremshwi dema, hautupwi mshipi, wala hautandazwi wavu. Wavuvi wapatao 1,600 wa vijiji vya Pemba waliitegemea bahari hiyo. Wakaunda jumuiya yao, iliyojulikana kwa kifupi kuwa MICA, ili sauti yao isikike pale hukumu za mahali hapo zinapokatwa. Shirika la CARE liliwaunga mkono, na baadaye akaja Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka aliyeasisi huko Uingereza taasisi ya IFEES ya kuyatazama mambo ya viumbe na ardhi kwa jicho la Uislamu. Na wavuvi, walimu wa madrasa na makhatibu wakaketi pamoja kuzizingatia aya zinazotaja ukhalifa wa mwanadamu ardhini, amana ambayo mbingu na ardhi na milima viliogopa kuibeba, na wanyama watembeao na ndege warukao ambao Mola amewaita umma kama sisi. Wengi walioshuhudia kazi hiyo walisema kwamba mafundisho yalipenya mahali ambapo amri za ofisini hazikuwa zimepenya, kwani mtu aliyezoea kumkwepa ofisa wa uvuvi hakuona njia ya kumkwepa Mwenyezi Mungu.

Jambo hilo hutajwa kwa furaha kila Misali inapotajwa, na mimi nalifurahia pia, ila furaha yangu ina mwiba ndani yake. Mtu maskini anapoambiwa kwamba pale palipokuwa na changu wengi kuliko pengine pote asivue tena, na kwamba kuacha kwake kuvua ni ibada, ni lazima tuulize ni nani aliyempa msemaji idhini ya kusema hivyo. Dini imewahi kutumiwa kumtuliza mwenye njaa ili mwenye shibe asisumbuliwe. Nani basi ana haki ya kumzuilia mja riziki yake ya leo kwa ajili ya mnyama asiyejua hata kwamba analindwa?

Wako wanaojibu kwa hofu, na wako wanaojibu kwa faida. Nitazipitia hoja hizo mbili kwa haraka, maana sioni kwamba zinafika mbali. Mwezi Novemba wa 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa iliyokuwa na sumu, na Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa sababu hiyohiyo. Misiba ya namna hii ikitokea, hawakosekani wenye ndimi nyepesi wa kusema kuwa ni adhabu ya kumla mnyama aliyekatazwa; na ni kweli kwamba wengi wa mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Pemba, humharimisha kasa kwa kuwa huishi nchi kavu na majini. Lakini maiti ya mtoto si mimbari. Tahadhari ya sumu ni wajibu wa kila anayejua, na aliyenyamaza amekosa. Ama kuigeuza tahadhari hiyo kuwa hukumu ya Mungu juu ya watoto waliopewa sahani na mama zao, hilo ni kusema juu ya ghaibu bila ya ilimu.

Faida nayo ina mfano wake mzuri, na uko hapohapo Pemba, katika kijiji cha Kidike, wanakolala popo wale wakubwa wenye uso kama wa mbweha ambao hawapatikani kisiwa kingine cho chote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu, kwa kuwa msitu ulikatwa na bunduki zikawa nyingi. Mwaka 1996 waliandikwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, wakaacha kuwinda, wakawapokea wageni wa kuja kutazama, wageni wakalipa kiingilio, na leo popo hao wamekwisha kupita 20,000. Nasema ni mfano mzuri, nami nina hakika kwamba fedha ya mgeni imejenga mengi. Hata hivyo, kabla mgeni wa kwanza hajalipa senti moja, popo walikuwa wakipata salama mahali pengine ambapo hakuna kiingilio: katika miti mikubwa ya makaburini, ambayo hakuna aliyethubutu kuikata kwa heshima ya waliolala chini yake. Mgeni asipokuja mwaka huu kwa sababu ya maradhi au vita vya mbali, faida hukatika. Wafu hawaendi likizo. Kuna kitu katika kulinda ambacho hakikuwekwa na soko, na soko likiondoka hakipaswi kuondoka nalo.

Narejea kwa Khidhri, maana yeye ndiye aliyeomba msala.

Katika Sura ya Pango imo safari ya Nabii Musa ya kumtafuta mja aliyepewa ilimu kutoka kwa Mola wake, ambaye Kurani haikumtaja jina na wafasiri wakamwita Khidhri. Na alama aliyopewa Musa ya mahali pa kumkuta ilikuwa samaki. Walikuwa wamembeba samaki kwa chakula cha safari, na walipofika penye makutano ya bahari mbili samaki yule akateleza, akashika njia yake majini, na kijana aliyefuatana na Musa akasahau kumwambia. Walipotanabahi wakiwa na njaa, Musa alisema kwamba hapo ndipo walipokuwa wakipataka, wakarudi nyuma kwa kufuata nyayo zao. Mahali samaki alipowatoka ndipo palipokuwa na ilimu. Sijui kama yupo khatibu wa Pemba aliyekwisha kuwaeleza wavuvi jambo hilo kwa namna hii, ila kila nikifikiri juu ya zile kilomita za mraba 1.4 za Misali ambamo samaki huachwa aende zake, na mvuvi hurudi nyumbani na njaa yake, nauona mlango uleule wa makutano.

Yaliyofuata yanajulikana. Walipanda safina ya masikini wafanyao kazi baharini, ambao kwa mapokezi ya hadithi waliwachukua bila ya nauli, na mgeni yule, mahali pa kushukuru, akaitoboa. Musa akakasirika, na haki ilikuwa upande wake kwa yote yaliyokuwa yakionekana: kuharibu chombo cha watu waliokutendea wema ni dhuluma, na kuharibu chombo cha masikini ni dhuluma mara mbili. Siku ya kuachana ndipo alipofasiriwa kwamba mbele ya watu wale alikuwapo mfalme anayeteka kwa nguvu kila chombo kizima, na kwamba safina yenye kasoro ingeachwa mikononi mwa wenyewe.

Ni nini hifadhi ya bahari kama si tundu katika safina ya masikini? Mvuvi aliyekuwa na bahari nzima amebakishiwa bahari yenye kasoro, na anaambiwa kwamba kasoro hiyo ndiyo itakayomwokoa na yule mfalme ajaye nyuma: baruti ivunjayo kwa dakika moja mwamba uliojengwa kwa karne, kigumi, pale watu wapigapo matumbawe kwa miti ili kuwatisha samaki waingie wavuni, utupa unaoua kichanga na mzazi pamoja, na mwenye mtaji ambaye siku moja angeweza kuweka uzio wake mchangani akaandika kwamba wavuvi wasipite. Hoja ni nzuri kiasi cha kumtia mtu ghururi. Kwa uzuri wake imetumiwa na wasiokuwa Khidhri. Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa katika nyanda za Serengeti ili pawe hifadhi ya wanyama peke yao, wakapelekwa Ngorongoro, na waliowatoa walikuwa na yakini ya kwamba wao wanamwona mfalme ambaye mfugaji hamwoni.

Imepokewa kuwa Najda, kiongozi wa Makhawarij, alimwandikia Ibn Abbas kumwuliza kuhusu kuwaua watoto wa maadui, akiwa na mfano wa kijana aliyeuawa na Khidhri katika safari ileile. Naye Ibn Abbas akamjibu kwa maana ya kwamba asifanye, isipokuwa awe anajua kwa watoto hao kile alichokijua Khidhri. Katika jibu hilo milango yote imefungwa. Matendo ya mja yule hayaigwi, kwa kuwa hakuyatenda kwa amri yake, na ilimu yake haikuwa ya kujifunza. Sheria imebaki kwa Musa: mwenye kutoboa chombo cha mtu mwingine ni mharibifu, awe na elimu ya viumbe vya baharini au asiwe nayo, awe na hesabu sahihi ya samaki waliobaki au ya kubuni. Na zaidi ya hayo, mtaalamu wa leo hana udhuru ambao Khidhri alikuwa nao, maana ilimu ya mtaalamu si ya siri. Yaweza kuelezwa baraza la mchana, mbele ya kahawa, kabla ya tundu kutobolewa, na mvuvi aliyezama chini ya mwamba tangu utoto wake yaelekea ataielewa na kuisahihisha. Kumfanya mvuvi angoje maelezo mpaka siku ya kuachana, ilhali maelezo yapo ndani ya mkoba, ni kujivika kanzu ya walii kwa kuazima.

Basi yuko mtu mmoja tu ambaye sheria ya Musa na hikima ya Khidhri hazigombani juu yake, naye ni mwenye safina. Mwenye chombo akikitoboa mwenyewe kwa kuwa amekwisha kumwona mfalme kwa macho yake, hamdhulumu mtu. Hapa ndipo ninapoiona thamani ya wale wavuvi wa Misali kuwa kubwa kuliko inavyosemwa katika taarifa, ambazo aghalabu huhesabu kasa na matumbawe na kumwacha mtu: kwamba walikaa katika vikao virefu, wakabishana juu ya mpaka uanzie wapi, yupi atapoteza bandari yake ya dago na yupi hatapoteza, halafu wakashika keekee kwa mikono yao. Ibada haiamrishwi kwa niaba. Mtu hafungi Ramadhani kwa tumbo la jirani. Khatibu aliyewakumbusha amana alikuwa na haki ya kuwakumbusha kwa sababu yeye mwenyewe hula samaki wa bahari hiyo, na watoto wake watakula au watakosa pamoja na wa wengine.

Katika safari ile yamo mambo matatu, na la tatu ni ukuta. Waliingia mji ambao watu wake waliwanyima chakula, wakakuta ukuta unaotaka kuanguka, na Khidhri akausimamisha bila ya kudai ujira, kwa kuwa chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili, nayo ilipasa isitiriwe mpaka wafikie umri wa nguvu zao. Wafasiri wamesema mengi juu ya hazina hiyo. Mimi namfikiri mlinzi anayekaa usiku ufukweni Misali wakati kasa anapopanda kutaga, akimsikia akifukua mchanga kwa pumzi nzito kama za mtu aliyebeba mzigo, na kuyafukia mayai mia moja na zaidi, kisha kurudi majini bila ya kutazama nyuma. Vifaranga watatoka baada ya miezi miwili hivi, wengi wao wataliwa kabla hawajafika mbali, na yule mmoja atakayesalimika hatarudi kutaga mpaka ipite miaka 20 au 30, au hata zaidi. Mlinzi mwenye umri wa miaka 50 anajenga ukuta juu ya hazina ambayo hataiona ikifukuliwa. Mji wake huenda umemnyima chakula yeye pia, maana zipo nyumba ambazo tangu aanze kazi hiyo hazimkaribishi tena.

Na ujira wa kazi hiyo umekuwa mara mdogo, mara haupo. Mwaka 2005 Misali iliingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi, PECCA, inayoshika pwani yote ya magharibi ya Pemba, na mambo ya eneo kubwa huwa na ofisi kubwa, mihuri mingi na masafa marefu baina ya mwenye kuamua na mwenye kulowa maji. Silaumu, bahari haina kuta, na samaki wa Misali hajui mpaka wa Misali. Ila kila ofisi inaposogea hatua moja kutoka ufukweni, lile suala la nani anayetoboa safina ya nani huamka upya, na halijibiwi kwa kuwa lilikwisha kujibiwa mwaka 1998. Mvuvi kijana aliyezaliwa baada ya vikao vile hakuwamo. Kwake yeye mpaka ule aliukuta, kama alivyolikuta jua. Baba yake alijinyima, yeye amenyimwa, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kazi yote iliyobaki kwa jumuiya, kwa sheha na kwa khatibu: kuketi naye tena tangu mwanzo, kana kwamba hakuna kilichopata kukubaliwa, mpaka aseme yeye mwenyewe ndiyo, au aseme siyo na asikilizwe.

Kisa kimoja hakinitoki akilini, nacho si kisa cha mtu fulani, maana chaweza kuwa cha kila mlinzi katika visiwa ambavyo watu wake wote ni ndugu. Tuseme ni usiku wa kusi, mawingu yameufunika mwezi, na mlinzi amesikia kafi ndani ya eneo lililokatazwa. Anasukuma ngalawa yake, anakaribia, anawasha tochi, na katika mwanga anamwona mume wa dada yake, mwenye watoto watano, akivuta mshipi. Mtume amefundisha kwamba aonaye uovu auondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo, na kwamba hii ya mwisho ndiyo imani iliyo dhaifu kabisa. Lakini hapa ni uovu gani ulio mbele yake? Hakuna baruti, hakuna utupa, pana mshipi mmoja na changu sita katika pakacha. Akizima tochi na kurudi, amemsaliti kila mvuvi aliyekubali kujinyima, na kesho wengine watakuja na hoja kwamba mpaka ni wa wasio na shemeji. Akimkamata, dada yake atakosa chakula cha siku tatu, na jina lake litatajwa msibani na harusini kwa miaka mingi. Vitabu vya fikihi vitamsaidia katika hukumu. Katika lile la kumtazama machoni mwanamume aliyekula naye sahani moja, hakuna kitabu kitakachomsaidia.

Naambiwa na wanaojua tabia za pwani kwamba aghalabu hutumika ulimi kabla ya mkono: huzungumza palepale, ngalawa mbili zikigongana ubavu kwa ubavu, kwa sauti ya chini ingawa hakuna wa kuwasikia, mpaka mmoja wao ashike kafi lake. Halafu kwa alfajiri husimama katika safu moja ya sala, bega kwa bega, wote wawili wakinuka chumvi, na imamu asiyejua kitu huwaambia wazibe nafasi iliyo kati yao.